Maji Chini ya Kikapu

Jumamosi, 18 Oktoba

Daftari hili nimelinunua kwa sababu moja. Msimu huu ni wa mwisho kwangu kama mwamuzi wa mpira wa kikapu wa mashule. Ama nipande niwe mwamuzi wa provinsi, wa timu za watu wazima, ama nibaki napulizia watoto filimbi mpaka magoti yagome. Ligi yetu haipandishi mtu aliyetimiza miaka thelathini na tano, na mimi Rachida Amuri nitaitimiza mwezi wa tano. Nafasi ni moja. Tunaoitaka tuko tisa.

Mambo yatakwenda hivi: mtathmini wa ligi atakuja kunitazama katika mechi tatu, na kila mara atajaza karatasi yenye alama juu ya ishirini. Katikati kuna mtihani wa mbio. Mtathmini mwenyewe ni mzee tunayemwita Papa Gauthier, aliyepuliza filimbi miaka ishirini na sita, na meno yake sijawahi kuyaona. Leo alisoma majina yetu bila kuinua uso. Langu alilikosea, akasema Rachidi. Nikamsahihisha mbele ya wote. Hénoc, ambaye tumeamua naye mechi miaka minne, alinikanyaga mguu chini ya meza.

Hénoc naye yumo kati ya wale tisa. Anakimbia vizuri, hilo simnyimi. Lakini anacheka mno na makocha, na kabla ya mechi anakunywa sucré, soda yoyote anayopewa na shule. Mimi nakunywa maji yangu, ya chupa yangu.

Nyumbani nilimwambia Mama. Akauliza, "Kule ku provinsi utavala ile ile pantalon?" Nikasema ndiyo, suruali ileile. Akaendelea kukunja bikwembe vyake, vitenge vya kuuza kesho sokoni.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Nilipita Lycée Upole, shule niliyochezea nikiwa msichana, na lile dimbwi limesharudi chini ya kikapu cha upande wa barabara. Saruji pale imezama tangu enzi zangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mama amekwenda Sakania kutafuta mali ya kuuza. Siku nzima nimeuza bikwembe peke yangu, na wanunuzi wa leo walikuwa wa kupapasa tu.

Jumamosi, 15 Novemba

Papa Gauthier alikuja. Mechi ya wavulana huko Katuba, saruji yenye madimbwi matatu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana nikizeeka nitasahau kwa nini nilikasirika. Kwetu kila mtoto anajua kwamba mpira ukifia majini, usiporuka tena, unauokota na kuendelea kudunda, na hakuna wa kukulaumu. Kitabu cha sheria kinasema vingine. Ukishaushika mpira umemaliza kudunda, na ukidunda tena ni kosa, mpira unapewa wengine. Mimi nilikua na desturi, na wachezaji wote walikua nayo, na waamuzi wote wa mashule wanaifuata. Aliyeandika kitabu hakucheza Katuba mwezi wa kumi na moja.

Basi mvulana mmoja mpira ukamfia majini, akaokota, akadunda, akafunga. Nikahesabu mbili. Hakuna aliyelalamika, hata waliofungwa. Papa Gauthier aliandika kitu.

Alhamisi, 20 Novemba

Kumi na moja juu ya ishirini. Kwenye karatasi ameandika: "Aliacha kosa lipite. Desturi si sheria." Hénoc amepata kumi na tano. Mechi yake ilichezwa siku ya jua, uwanja mkavu kama kigae. Nimemwambia hivyo. Akacheka, akasema, "Yaya Rachida, dada yangu, hata jua unalikasirikia?"

Nimekasirika na jua, ndiyo.

Jumapili, 7 Desemba

Nimekisoma kitabu chote, kutoka jalada hadi jalada, mara mbili. Kuanzia leo ni kitabu tu. Yule mzee akitaka kitabu, atakula kitabu.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua. Mechi zote zimeahirishwa.

Jumamosi, 20 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 24 Januari

Naandika viatu vikiwa bado miguuni.

Wasichana wa Lycée Upole na wa Institut Bondeni, kwenye uwanja wa Upole, lile dimbwi likiwa mahali pake. Mimi mwamuzi wa kwanza, Hénoc wa pili. Tulifika nusu saa kabla, tukazunguka uwanja kama kawaida, tukatikisa vikapu, tukatazama nyavu. Dimbwi niliruka juu yake. Papa Gauthier alikuwa amekwishakaa kwenye benchi la upande wa pili, mwavuli magotini, na mimi moyoni nikasema, leo utaona.

Mechi ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka huu. Upole wanafundishwa na Mama Wivine, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyecheza pamoja nami zamani, mimi nikiwa mbele, yeye nyuma. Ana msichana mmoja anaitwa Keren, mfupi, ana miaka kumi na sita, mpira ukiwa mkononi mwake huoni ulikopita. Zikabaki sekunde ishirini, Bondeni wakiongoza kwa pointi moja. Keren akachukua mpira, akapita wa kwanza, akapita wa pili, akaingia chini ya kikapu cha upande wa barabara. Mpira ukafia majini. Akauokota, akadunda mara moja kutoka nje ya dimbwi, kama alivyofanya tangu anajifunza kutembea, akarusha. Ukaingia.

Uwanja mzima ukasimama. Mimi nikapuliza.

Nilifuta kikapu. Nikazungusha ngumi mbele ya kifua, ishara ya kudunda mara mbili, nikawapa Bondeni mpira. Hénoc alinitazama kwa mbali. Keren hakuelewa kwanza. Alidhani nimeona mguu nje ya mstari. Nilipomwonyesha maji akaniambia polepole, "Lakini Madame, ni mai." Mechi ikaisha hivyo.

Keren alilia akiwa amekaa palepale chini ya kikapu, sketi yake ya mchezo ikilowa. Mama Wivine alivuka uwanja kuja kwangu. Nilidhani atapiga kelele, nikajitayarisha kupokea kelele. Hakupiga. Alisema kwa sauti ya chini, "Rachida, weye ulicheza hapa. Ulikuwa unajua." Kisha akaenda kumwinua mtoto.

Wazazi ndio waliopiga kelele. Mmoja alinirushia ganda la hindi. Na aliyesimama kati yangu na wao ni Hénoc, mikono wazi, akiwaambia, "Bazazi, tafadhali, kitabu kinasema hivyo, mama hakukosea kitu." Akanisindikiza mpaka barabarani na akangoja nipate taxi. Njiani hakutaja mechi hata kidogo. Alinieleza habari za mtoto wake anayeota meno. Nilimchukulia vibaya huyu mtu miaka minne.

Nilifuata sheria. Kila herufi. Mbona basi najisikia kama mwizi?

Jumapili, 25 Januari

Mama ameuliza kwa nini sili. Nikamweleza yote, maji, mpira, msichana. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hajalifanya tangu nianze kazi hii. Halafu akauliza, "Ule mutoto, mama yake alikuwako?" Alikuwako. Mama akaifunika sahani yangu.

Alhamisi, 29 Januari

Kumi na mbili juu ya ishirini.

Ningepata tisa ningenyamaza. Ningepata kumi na saba ningefurahi kwa aibu. Lakini kumi na mbili? Kwenye karatasi kuna sentensi moja: "Anajua kitabu." Basi. Nilitoka moja kwa moja hadi ofisini kwa ligi, sikuketi, nikamwekea Papa Gauthier karatasi mbili mezani, ya Novemba na ya Januari.

"Papa, mwezi wa kumi na moja nilifuata desturi, ukanipa kumi na moja. Sasa nimefuata sheria, kumi na mbili. Mimi nifanye nini, nipulize kwa pua?"

Hakukasirika. Alivua miwani, akaisugua kwenye shati.

"Uamuzi wako ulikuwa wa kweli," akasema. "Mimi pia ningalipuliza."

"Sasa?"

"Ile mai ilikuwa pale tangu saa ngapi?"

Akavaa miwani yake, akarudi kwenye makaratasi. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Kisha nikatoka, na nilikuwa nimeshafika sokoni, nimeshamuuzia mama mmoja kikwembe, ndipo jibu likanipiga.

Maji yalikuwa pale kabla ya mechi. Niliyaona. Niliyaruka. Mwamuzi wa kwanza ndiye anayeukubali uwanja au kuukataa, liko kwenye kitabu kilekile nilichojisifu kukisoma mara mbili, na mimi kwa miaka minane sijawahi kuukataa uwanja hata mmoja. Hakuna kati yetu aliyewahi kuukataa. Waamuzi wa mashule wa mji huu tunazunguka, tunatikisa vikapu, tunaruka dimbwi, tunaanza. Halafu tunabishana maji yakiua mpira, desturi au sheria, wakati kazi ilikuwa kuyatoa.

Kosa halikuwa la Keren. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka, na naandika hapa ili nisijifanye baadaye kwamba nililijua siku zote.

Jumamosi, 21 Februari

Mtihani wa mbio, siku ya tatu ya mfungo. Mama aliamka kabla yangu akanipikia uji wa daku, mzito, na akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Mita ishirini kwenda, mita ishirini kurudi, kimashine cha kupima muda kikilia, na kila kikilia uwe umefika. Wanaume wawili walijitoa, wawili wengine hawakufaulu. Mimi nilifika hadi mwisho, koo kavu. Aboubakar, kaka yangu, alikuwa amesema nisifunge leo, Mungu ataelewa. Nikamjibu Mungu anaelewa, lakini mimi nataka vyote viwili.

Vyote viwili nimevipata. Tumebaki watano.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Daftari limeanza kunuka ukungu.

Jumatano, 25 Machi

Orodha ya fainali imetoka. Wasichana: Upole na Bondeni tena, safari hii kwa Bondeni. Mwamuzi wa kwanza Rachida Amuri, wa pili Hénoc. Papa Gauthier atatutazama sote wawili kwa mara ya tatu. Hénoc ana kumi na tano na kumi na sita. Mimi nina kumi na moja na kumi na mbili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza.

Jumamosi, 28 Machi

Nitaandika yote hata kama mkono utauma.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nane. Mechi saa tisa. Tulipofika, Institut Bondeni walikuwa wamesimamisha hema la wageni, viti vya plastiki vyenye vitambaa, spika mbili, na watu ukuta hadi ukuta. Na maji chini ya vikapu vyote viwili, yakifika kwenye kifundo cha mguu.

Nilizunguka uwanja. Nilitikisa vikapu. Nilipofika kwenye dimbwi sikuruka. Nikaingia na viatu, nikasimama katikati ili kila mtu aone, nikaenda kwenye meza ya waandika alama nikasema, "Uwanja siukubali. Hatuanzi mpaka ukauke."

Mwandishi wa alama alidhani natania.

Préfet, mkuu wa shule, alikuja, bwana mrefu wa suti ya kijivu, mpole mwanzoni. "Madame l'arbitre, wageni banakungojea. Batoto bamezoea. Kila mwaka tunacheza hivi."

"Najua, Bwana Préfet. Mimi mwenyewe nimecheza hivi. Nipe raclette za kusukuma maji, na mifagio."

"Na kama hakuna?"

"Basi hakuna mechi."

Upole wake uliishia hapo. Alisema atapiga simu ligi. Nikamwambia ligi iko pale kwenye benchi, ina mwavuli magotini. Papa Gauthier hakugeuza hata shingo.

Hénoc akanivuta pembeni. Alikuwa na jasho na jua halikuwepo. "Yaya, nisikilize. Kama match inaahirishwa, leo hakuna alama. Weye hauna, na miye sina. Tuanze. Tuwaambie ba-captain mapema, mpira ukifa mu mai tunasimamisha. Bote batakubali."

Lilikuwa shauri la busara, na nilijua kwamba yeye akianza leo, nafasi ni yake. Na bado alikuwa akiniambia kwa wema. Nikasema, "Na ule atakayeteleza, tumwambie mapema pia?" Kisha akauliza raclette ziko wapi.

Zilipatikana mbili, moja haina mpini. Hénoc alichukua isiyo na mpini, akapiga magoti. Mimi nilichukua nyingine. Watu walipiga miluzi, wakaimba wimbo wa kuniita mufagizi, na kusema kweli uliimbwa vizuri. Baada ya dakika kumi nilisikia viatu nyuma yangu. Keren, na taulo. Hakunisalimu. Aliliweka taulo chini, akaanza kusukuma maji kwa miguu miwili. Wenzake wakaja, halafu wa Bondeni wakaja, wasichana ishirini na wanne kwa jumla, na wimbo wa mufagizi ukakosa waimbaji kwa sababu wazazi walianza kuleta magunia.

Tulipokaribia kumaliza, mvua ikarudi. Nyepesi, dakika sita. Nilitaka kulia. Préfet alitazama saa yake mbele yangu, kwa makusudi. Nikangoja mvua ikatike, nikaanza upya, na nikawaambia wote waanze upya, na wakaanza. Nilipopitisha kiganja changu juu ya saruji kikatoka na vumbi tu, nilikwenda mezani nikasema nimeukubali uwanja. Zilikuwa zimepita dakika hamsini na tatu.

Sasa mechi. Bondeni walikuwa bora. Keren aliingia chini ya kikapu mara sijui ngapi, akadunda palepale panapokuwaga dimbwi, mpira ukarudi mkononi mwake, na alifunga ishirini na mbili. Upole walipoteza kwa pointi nne. Nilipuliza makosa yote niliyoyaona, na hakuna hata mtu mmoja aliyenijia mwishoni isipokuwa Mama Wivine.

Alikuwa hajanisalimu tangu Januari. Alinyoosha mkono.

"Leo bametushinda beye benyewe," akasema, akiwaonyesha wa Bondeni kwa kidevu. "Ile ya janvier, ni mai ilitushinda."

"Ni mai na mimi," nikamjibu.

Alinishika mkono kwa muda mrefu, wachezaji wake wakitazama. Alikuwa amepoteza fainali na alikuwa anatabasamu kidogo, kwa upande mmoja. Nafasi sitaipata, hesabu naijua. Lakini jioni ya leo nimekula sahani mbili.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Hénoc amenialika, nimemkuta mtoto wa meno. Ana manne.

Jumamosi, 11 Aprili

Ofisi ya ligi, saa nne asubuhi, sisi watano tuliobaki kwenye benchi moja. Papa Gauthier alisimama na karatasi. Alisema alama za mechi ya mwisho zina uzito mara tatu, kwa sababu ligi inataka kujua mtu amefika wapi, si alianzia wapi. Hakuna aliyetuambia hilo mwanzoni. Nadhani alifanya makusudi. Kisha akasoma jina, na safari hii alilitamka vizuri: Rachida Amuri.

Sikusikia kilichofuata. Hénoc ndiye aliyenikumbatia kwanza, na ilikuwa ngumu kwake. Tulipotoka nje akaniambia, "Kama ilikuwa miye, tungeanza saa tisa kamili. Ndio sababu." Ana miaka ishirini na tisa. Nimemwambia mwakani nitamtembelea kwenye kila mechi yake, hata asipopenda. Akasema hatapenda.

Walinipa nakala ya karatasi yangu. Kumi na nane. Chini yake, kwa ule mwandiko wake mdogo: "Amechelewesha fainali dakika hamsini na tatu. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Yuko tayari."

Nimeisoma ndani ya taxi, nikaisoma sokoni, nikaisoma nikiwa nimesimama katikati ya bikwembe na mteja akiniuliza bei. Ninajivuna leo, na sitaki mtu aniambie nipunguze. Miaka minane. Nimeitafuta kwa miguu yangu na leo iko mkononi.

Mama hasomi Kifaransa, na karatasi iliandikwa Kifaransa, kwa hiyo nilimtafsiria pale kibandani, sentensi moja moja. Akauliza, "Sasa utapulizia ba-nani?"

"Wanaume, Mama. Wakubwa. Timu za mji mzima."

Alinitazama kutoka juu hadi chini, mifupa yote, kama anayepima kitambaa kitatosha. Halafu akamgeukia yule mteja aliyekuwa bado anangojea bei.

"Ngojea kidogo, mama," akamwambia. "Kwanza nikuonyeshe mutoto wangu."